Dashibodi ya Ford ya 1940 ndani ya Ford ya 1932: kata ulichonunua, gari liache

"Nina Ford ya 1932, kupe ya madirisha matano, hotirodi (gari la zamani lililojengwa upya liende kasi) ambayo baba yangu aliianza akaiacha njiani. Injini ni V8 ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, umeme ni wa volti 12 na kuna altaneta. Nimenunua dashibodi nzima ya Ford Deluxe ya 1940 pamoja na geji zake, maana hakuna niipendayo kama hiyo. Nilidhani itaingia tu kwa sababu zote ni Ford, kumbe ni pana mno na juu haikai. Rafiki yangu mmoja anasema niing'oe yote ile ya zamani, hii niipunguze katikati niichomelee kwenye bodi, kisha niweke rizista moja ili geji za volti 6 zifanye kazi. Mwingine anasema ninaliharibu gari la historia. Nimsikilize nani? Na rangi nipake kwanza au baada ya kufunga?"

Kabla ya neno lingine lolote: weka grainda chini, na dashibodi ya zamani iache hapo ilipo mpaka umalize kusoma. Katika swali lako namwona mtu anayelipenda gari lake na anayeogopa kulifanyia jambo lisilorekebishika. Hofu hiyo ni nzuri, ishike. Kazi unayoitaka inawezekana na imefanywa na wengi kabla yako. Ila ukiifanya kama rafiki wa kwanza anavyoshauri, utabaki na milango isiyofunga vizuri na geji zilizoungua.

Nianze na rafiki wa pili, maana lake ni jepesi. Kubadilisha dashibodi si kuiharibu historia ya hotirodi. Ni sehemu ya historia yenyewe. Vijana wa kusini mwa California waliokimbiza magari kwenye maziwa makavu kama Muroc, hata kabla chama chao cha mashindano, SCTA, hakijaundwa mwaka 1937, walijenga kwa vipande vya yadi za magari mabovu. Geji za kampuni ya Stewart-Warner, paneli ya geji kutoka kwenye gari la Auburn, dashibodi ya 1932 ndani ya Model A, Ford iliyoitangulia: kilichopendeza na kikaingia, kilifungwa. Dashibodi ya 1940 ikaja kupendwa vivyo hivyo, na ndani ya Ford ya 1932 ina heshima yake. Hata hivyo rafiki yako ana hoja moja ambayo sitaki uipuuze. Bodi hiyo ilitengenezwa kwa mwaka mmoja tu wa modeli, na bati la asili ukishalikata halirudi. Kwa hiyo mimi hufuata kanuni moja katika kazi hii: ninaikata dashibodi iliyonunuliwa, gari silikati.

Sasa kwa nini haiingii. Jina la Ford lisikudanganye; kati ya magari haya mawili kuna miaka minane, na umbo la bodi lilibadilika kabisa. Gari lako lina kioo cha mbele kimoja, bapa, kilichosimama karibu wima. La 1940 lina vioo viwili vinavyokutana katikati kwa pembe, na ukingo wa juu wa dashibodi yake umechorwa kuifuata pembe hiyo. Ndiyo maana juu haikai: ukiusukuma upande mmoja uguse, mwingine unaachia. Bodi ya 1940 ni pana zaidi pia, na gari lenyewe ni refu zaidi, kwani umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni inchi 112 dhidi ya 106 za lako. Upana unaweza kuupunguza kwa kukata. Ukingo wa juu hautengenezwi kwa kukata peke yake. Utahitaji kutengeneza ukanda mpya wa bati ulionyooka utakaokaa kati ya dashibodi na fremu ya kioo, na hiyo ndiyo sehemu itakayokula muda wako mwingi kuliko unavyodhani.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwa usalama wa bodi. Wengi huiona dashibodi kama kifuniko cha kushikia geji. Katika magari ya wakati ule, bati lile linalovuka kutoka nguzo ya mlango mmoja hadi ya mwingine ni boriti. Linazizuia nguzo mbili zisisogeleane wala zisiachane pale fremu ya chini inapojipinda barabarani. Kupe yako ya madirisha matano ina bawaba za milango upande wa mbele, yaani uzito wote wa mlango unaning'inia kwenye nguzo zile zile. Ukiondoa boriti bila kuweka kitu mahali pake, nguzo zitasogea milimita chache, na milimita chache hizo utaziona nyuma ya mlango, pale kufuli linapokutana na mwenzake. Baadaye utaanza kurekebisha bawaba, usipate suluhisho, na hutajua kwamba chanzo kilikuwa dashibodi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima uwazi wa milango, pande zote, juu, katikati na chini, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyonyooka, na kuandika vipimo hivyo. Kisha weka bomba la chuma la muda likivuka kutoka nguzo hadi nguzo, lifungwe imara. Hapo ndipo uangalie dashibodi ya zamani imeshikwaje. Magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi, hivyo usiamini mchoro, tazama lako. Kama ukingo wake wa juu bado ni wa asili na ni mzima, uache. Dashibodi ya 1940 inaweza kutengenezwa iufunike au ikae chini yake, na siku mtoto wako akitaka kulirudisha gari lilivyokuwa, ataukuta.

(Kwa wasomaji wenye Model A ya 1928 hadi 1931, neno moja la haraka: tangi la petroli la gari lenu liko hapo hapo mbele ya kioo, ni sehemu ya bodi, na paneli ya geji imefungwa juu yake. Msitoboe wala msichomelee chochote mahali hapo kabla tangi halijatolewa. Mvuke wa petroli uliobaki ni hatari kuliko petroli yenyewe.)

Tuje kwenye kukata. Ushauri wa kuipunguza katikati ni mbaya kwa dashibodi hii, kwa sababu katikati ndipo uzuri wake ulipo: nafasi ya spika na redio na mistari inayoshuka. Kata hapo, utaunganisha mistari isiyolingana na jicho litaiona kasoro hata chini ya rangi. Wengine hukimbilia kukata ncha mbili tu. Hilo ni rahisi, lakini fikiria kinachotokea. Ukikata ncha, kundi la geji linabaki umbali ule ule kutoka katikati, ilhali bodi imekuwa nyembamba. Geji zinaishia karibu na nguzo ya mlango, na kolamu ya usukani (nguzo inayoushika usukani) inapita mahali pengine. Dereva ataona nusu ya spidomita, na kila atakayeingia ataona kuna kitu hakikukaa sawa, hata asipojua ni nini.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Natengeneza kwanza dashibodi ya kadibodi nene, yenye ukubwa kamili, nikiipachika ndani ya gari kwa gundi ya karatasi. Nachora mstari wa katikati wa gari juu ya fremu ya kioo na kuushusha kwa timazi hadi sakafuni. Nachora pia mstari wa kolamu ya usukani. Kisha naketi kwenye kiti chenyewe, si kwenye ndoo, kikiwa na mto wake, mikono kwenye usukani utakaotumika. Pale ambapo jicho langu linapita katika uwazi wa juu wa usukani ndipo kundi la geji linapotakiwa. Tofauti kati ya mahali hapo na mahali lilipo kwenye dashibodi ya 1940 inakwambia ukate kiasi gani kati ya geji na katikati, na kiasi gani kwenye ncha. Upande wa abiria ukate vivyo hivyo ili mizani isipotee, ukiangalia mlango wa kisanduku cha glavu usiuguse.

Ukiwa umeketi, pima magoti. Dashibodi ya 1940 imejitokeza zaidi kuelekea kwako na kushuka zaidi, na ndani ya kupe ya 1932 hakuna nafasi ya kuchezea. Nyanyua mguu kutoka kwenye pedali ya klachi au breki kama unavyofanya ukiendesha, uone kama goti linagusa chuma. Shuka kwenye gari, panda tena. Likigusa leo, katika ajali litavunjika. Punguza kina cha ukingo wa chini, au sogeza kiti kama reli zake zinaruhusu.

Kuhusu kuchomelea vipande, nitasema machache kwa sababu fundi bodi anayajua na asiye fundi bodi hatajifunza kwa kusoma. Ondoa kwanza vipande vyote vya plastiki vya dashibodi ya 1940. Ni vya zamani, joto litavikunja na havinyooki tena. Kata palipo bapa. Piga nukta moja, ruka mbali, piga nyingine, ngoja bati lipoe, maana ukiburuza moto mstari mzima bati litajikunja kama karatasi iliyolowa. Rangi na viungo vya magari ya umri huu vinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo vaa barakoa ya kazi hiyo na fungua milango. Kama kuna kazi yoyote ya moto ndani ya gari, tenganisha betri na altaneta kwanza.

Halafu usiichomelee dashibodi kwenye bodi. Hapa nina somo la kwangu mwenyewe. Gari la kwanza nililolibadilishia dashibodi nilichomelea pande zote mbili, nikasawazisha, nikapaka rangi, na likapendeza sana. Mwaka uliofuata swichi ya taa ilikufa, na ili kuifikia nililala chali sakafuni siku mbili nikifanya kazi kwa kupapasa, waya za moto zikiwa juu ya uso wangu. Tangu hapo natengeneza boriti ya bomba nyuma ya dashibodi, imefungwa imara kwenye nguzo mbili. Boriti ndiyo inayobeba nguvu ya bodi na ndiyo inayoshika kolamu ya usukani. Dashibodi yenyewe inafungwa kwa boliti kwenye boriti hiyo. Hili la kolamu lizingatie sana. Usukani haupaswi kuning'inia kwenye bati lililokatwa na kuungwa upya. Ukitikisa usukani kwa nguvu na ukaona dashibodi inatikisika nao, gari hilo haliko tayari kutoka nje.

Sasa rizista. Ninaelewa kwa nini ushauri huu unasambaa, kwani unasikika kama hesabu ya darasani: volti 12, nusu yake ni 6, weka kitu cha kula nusu. Tatizo ni namna geji hizo zinavyofanya kazi. Ukiacha ile ya chaji, ndani ya geji ya Ford ya 1940 hakuna sumaku inayovutwa. Kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata joto, ukanda unajipinda, na mshale unasogea. Geji hiyo inasoma joto lake yenyewe. Kwa waya ule ule, ukizidisha volti mara mbili, joto linazidi mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana geji ya volti 6 iliyounganishwa moja kwa moja na volti 12 haidumu.

Rizista nayo hula volti kulingana na umeme unaopita ndani yake. Geji ya mafuta, ya joto na ya shinikizo la oili zikichangia rizista moja, kila mshale mmoja unaposogea umeme wa jumla unabadilika, na volti zinazobaki kwa geji nyingine zinabadilika pia. Injini ikipata moto, geji ya petroli nayo itasogea, ilhali tangi halijapungua. Ukitaka kubaki na geji za asili, tumia kifaa cha kurekebisha volti kinachotoa volti 6 thabiti hata mzigo ubadilike, na ukitumie kwa geji tu. Balbu zibadilishe ziwe za volti 12. Gari la 1940 lilikuwa na athi (upande wa betri unaounganishwa na bati la gari) upande wa chanya na lako ni upande wa hasi. Geji za aina hii hazijali upande, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Na usishtuke ukiona mshale wa joto umelala upande wa moto swichi ikiwa imezimwa. Ndivyo zilivyoundwa: injini ikiwa baridi ndipo umeme mwingi hupita.

Hata hivyo volti sahihi hazitoshi, na hili ndilo rafiki yako hakulijua. Geji na sensa, yaani kifaa cha kupima kilichoko kwenye injini au tangi, ni mume na mke. Sensa ya Ford ya 1940 hufunga na kufungua mguso mdogo wa umeme mara nyingi, na geji hupata joto la wastani wa mapigo hayo. Sensa ya joto ya injini yako ya Chevrolet haifanyi hivyo. Inabadilisha ukinzani wake tu. Hazitasikilizana. Kwenye tangi mambo ni magumu zaidi. Ford ya 1932 ilitoka kiwandani na geji ya mafuta isiyotumia umeme kabisa, bali shinikizo la hewa lililosukuma kimiminika cha rangi kwenye kijibomba. Kama tangi lako ni la asili, huenda halina sensa ya umeme. Kama limebadilishwa, pima kwa multimita uone lina sensa gani. Zilizozoeleka ni hizi: omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, ambazo ni za geji nyingi za kununua dukani, omu 0 tupu na 90 likijaa kwa magari mengi ya General Motors ya tangu katikati ya miaka ya 1960, omu 73 tupu na 10 likijaa kwa Ford za zamani zilizokuja baada ya ile ya 1940. Geji ya 240 hadi 33 ukiiunganisha na sensa ya 0 hadi 90, tangi likikauka mshale utakuonyesha limejaa.

Geji ya chaji naomba usiitumie kama ampea zote za gari zinapita ndani yake. Ilipimwa kwa dainamo ndogo ya enzi zake. Altaneta yako inaweza kutoa mara mbili ya hiyo au zaidi, na waya huo mnene unapita nyuma ya dashibodi bila fyuzi. Kiungo kikilegea kidogo kinapata moto, na moto wa nyuma ya dashibodi hauonekani mpaka umechelewa. Weka geji ya volti badala yake: injini ikiwa imezimwa betri nzima inaonyesha karibu volti 12.6, ikiwaka na kuchaji ni kati ya 13.8 na 14.5. Inakwambia yote unayohitaji kwa waya mwembamba wenye fyuzi.

Na athi. Dashibodi uliyoipaka rangi vizuri na kuifunga kwenye boriti iliyopakwa rangi vizuri haina athi. Geji zitayumba, taa zitafifia, na utabadilisha sensa tatu bila sababu. Vuta waya maalumu wa athi kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye injini na fremu.

Spidomita ni ya kebo. Magari mengi ya Marekani ya wakati huo yalihesabu mizunguko 1,000 ya kebo kwa kila maili, kwa hiyo kifaa chenyewe kinaweza kukubaliana na giaboksi yako. Kinachotofautiana ni ncha za kebo, ambayo utaiagiza itengenezwe, na gia ndogo inayoizungusha. Usiikunje kebo kwa kona kali. Mviringo wenye nusu kipenyo cha sentimita 15 ndio mdogo kabisa ninaoukubali, na nyuma ya dashibodi yako ndiko nafasi hiyo itakosekana kwanza, kwa hiyo iweke kwenye kadibodi tangu mwanzo. Baada ya kufunga, linganisha na simu yenye kipimo cha setilaiti. Ikionyesha 66 ilhali unakwenda 60, kebo inazunguka kasi kwa asilimia 10, na gia yenye meno tofauti au kijisanduku cha kurekebisha mwendo kitamaliza. Andika pia maili za spidomita ya zamani na tarehe uliyoitoa, maana atakayelinunua gari ana haki ya kujua.

Ungekuwa umeketi mbele yangu ningekwambia uchague njia ipi? Ningezipeleka geji za 1940 kwa fundi wa geji, abakize nyuso na mishale ya asili na kubadilisha mitambo ya ndani iwe ya volti 12, ilingane na sensa mpya utakazonunua. Ni ghali kuliko kifaa cha volti 6, lakini unapata uzuri uliokufanya uinunue na usomaji unaoweza kuuamini. Ukiona kazi ya bati inakuzidi, kubaki na dashibodi ya 1932 na kuweka geji nzuri ndani yake si kushindwa. Mimi binafsi naiona inalifaa gari hilo zaidi, ingawa najua hukuuliza hilo. Kitu ambacho singekifanya ni kuchukua geji za ndege za miaka ya 1940 zenye rangi ya kung'aa gizani na kuzifungua. Nyingi zilipakwa radiamu, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Tafuta fundi bodi aje alione gari, asikushauri kwa picha, kama uwazi wa milango umebadilika hata kidogo baada ya kuweka bomba la muda, kama kuna kutu chini ya nguzo, au kama kolamu inacheza. Mwite fundi umeme kama waya wowote unapata joto la kuhisika kwa mkono au fyuzi ile ile inaungua mara ya pili. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Na kama unapoishi gari lililobadilishwa hukaguliwa, uliza mkaguzi kuhusu kolamu ya usukani kabla hujaanza.

Kuhusu rangi: mwisho kabisa. Funga dashibodi ikiwa bati tupu, unganisha geji zote, washa injini, iache ipate moto, endesha polepole, funga milango mara ishirini. Jaza tangi uone mshale unapanda. Nyuma ya dashibodi acha nyaya zenye urefu wa ziada wa sentimita 30 hivi, na soketi moja kubwa ya kuzitenganisha. Kila kitu kikikubali, fungua boliti, itoe nzima, na hapo ndipo uipeleke kwa mpaka rangi.